Namba Haina Miguu

Usoke, mwezi wa tano, saa tisa alasiri.
Wenzao wako mpirani. Wamebaki watano
na chaki yangu moja, fupi kama kucha:
Nyanzobe, Kapela, Limi, Ngasa, Maganga.
Kidato cha Pili, walioandikiwa sifuri
hadi sifuri ikazoea majina yao.

Februari yote walikuwa kwenye mabani,
wakichochea moto usiku ili tumbaku igeuke rangi,
na huku nyuma eksi iliingia darasani
bila kutambulishwa, ikakaa.
Waliporudi, yenyewe ilikuwa mwenyeji
na wao wageni.

Nilianza vibaya, niseme kweli.
Nilianza kama nilivyoanzishwa mimi:
"Ikivuka upande, badili alama."
Wakaitikia kwa sauti, hata Ngasa mwenye kigugumizi.
Usiku, kwenye taa ya sola, nikafungua madaftari
nikakuta alama zimebadilika kila mahali,
hata za namba ambazo hazikusafiri.
Nilipowasogelea mezani walifunika kazi kwa kiwiko.
Mficha uchi hazai, nikawaambia;
ila nami nilikuwa nikificha wangu.

Jumanne nikaenda kwa Bi Mwamvita, muuza karanga,
nikamwazima mizani yake ya sahani mbili.
"Mwalimu, umeanza biashara?"
"Nimefilisika kwenye ile niliyo nayo."

Sahani hii, vifuko vitatu vya nailoni,
vyote sawa, vimefungwa uzi,
na karanga tano zimelala nje.
Sahani ile, karanga ishirini na sita.
Mizani imetulia.
"Hatufungui," nikasema. "Atakayefungua kajionea,
hajafikiri."

Kimya.
Treni ya mizigo ikapita kuelekea Kaliua,
sahani zikatetemeka, zikarudi.
Kapela akanyoosha mkono, si wa kujibu,
akaondoa zile tano.
Mizani ikaegemea kule.
Akaitazama kama mtu aliyemkanyaga mkwewe.
Akaondoa tano na kule. Ikatulia.

"Haijavuka, Mwalimu," akasema polepole.
"Huku imetoka. Na kule imetoka."

Namba haina miguu, mwanangu.
Hairuki reli, haipandi basi.
Ni mkono wako unaotoa,
na ukitoa huku usitoe kule, umeiba.

Limi akagawa kwa tatu kabla sijasema tugawe.
Tulipofungua: saba, saba, na saba.
Tukazila. Hiyo haikuwa kwenye muhtasari.

Jumatatu Nyanzobe akaniletea daftari.
Nyuma ya zoezi la tano, swali ambalo sikulitoa:
marobota manne ya baba,
makato ya pembejeo laki mbili na arobaini elfu,
mkononi laki tano na sitini.
Robota moja ni eksi.
Alirudisha makato pande zote mbili, akagawa kwa nne,
akapata laki mbili, akapiga mstari chini kwa rula.
Halafu, kwa herufi ndogo:
*Mnunuzi alimwambia baba laki mbili na arobaini.*

Nilipitia mara tatu nikitafuta kosa lake.
Nilitaka liwe lake.
Nikaweka vema, kwa wino mwekundu, mkono ukiwa mzito.

Jioni ile nilimwona baba yake kwenye njia ya ofisi ya chama,
amevaa koti juani,
karatasi ya daftari imekunjwa mara nne mfukoni.
Walichomjibu sikijui bado.

Na Maganga, msije mkadhani wote wamefika.
Hasi mara hasi ingali inamtoa jasho,
na lugha ya mtihani inampita juu kama ndege.
Leo wenzake wameondoka, yeye amebaki.
Ameshika kifuko kipya nilichokifunga asubuhi,
amekiweka sikioni, anakitikisa,
anakirudisha sahanini, anakunja uso.

Simwambii ni ngapi.
Bi Mwamvita ametuma mtoto kudai mizani yake.
Asubiri.